Rangi Kwenye Kucha za Mwalimu

Kwa muda mrefu nilimjua Mwalimu kwa mikono yake kuliko kwa uso wake. Alikuwa akiingia dukani kwangu, hapa Wete, kabla ya adhana ya adhuhuri na tena kabla ya alasiri, anaitandaza mikono juu ya kaunta baina ya misumari na mizani, na kusema, "Tazama, jirani." Mteja aliyekuwapo atasubiri. Mimi huvaa miwani, natazama kucha moja moja, mbele na pembeni, kisha namwambia "Safi" au namwonesha kidole chenye kasoro. Hapo atatoa kijiti mfukoni, atakwangua, atanirudishia mkono niutazame tena. Akishatoka, mteja huniuliza, "Ana nini yule mzee?" Nami hujibu kwamba ana rangi.

Nieleze, maana asiyechora halifikirii jambo hili. Rangi ya mafuta ikikauka juu ya kucha inakuwa kama ngozi nyingine, na maji ya udhu hayapiti. Udhu usipotimia, sala haipo. Mwalimu alichora kila siku ya Mungu, na alisali sala zake zote kwa wakati, na baina ya mambo hayo mawili zilikaa kucha zake. Hofu yake, alinambia waziwazi zaidi ya mara moja, ilikuwa kufika mbele ya Mola wake akaambiwa kwamba sala zake zimeishia juu ya rangi. Hofu ya pili hakuisema, lakini tuliokuwa karibu naye tuliiona: kwamba ingefika siku ya kuchagua, na anajua atakachochagua, na hataki.

Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, sitasema. Wanaomjua wanajua, na asiyemjua haitamsaidia kitu. Mimi nauza tina ya kuyeyushia rangi, msasa, brashi na koki za maji. Nilimjua kama muuza duka anavyomjua mteja, yaani kwa vitu anavyonunua na kwa maneno anayoyasema wakati wa kungoja kufungiwa. Kwake yeye vilikuwa nyembe, mafuta ya taa na matambara.

Alikuwa msafi wa vitu viwili tu, mikono yake na kibao chake cha kuchanganyia rangi. Kwengineko, Mungu amsamehe. Baiskeli yake ilikuwa na matope ya masika yaliyopita juu ya matope ya masika ya kabla yake. Mlango wa chumba alichochorea ulikuwa haufunguki mpaka uusukume kwa bega, kwa wingi wa vikorokoro vilivyokuwa nyuma yake. Chai akiiacha kikombeni mpaka inaota utando. Lakini kile kibao! Kilikuwa cha mti wa mfenesi, chenye tundu la kidole gumba, na kila alipoacha kuchora alikiosha kama mtu anayeosha mtoto. Kwanza anaondoa rangi mbichi kwa kisu cha kupakia pati, anaipangusa kwenye gazeti. Halafu tambara na mafuta ya taa. Halafu sabuni ya kufulia na maji kidogo, upesi upesi, ubao usije ukanywa maji. Mwisho anakipaka mafuta ya nazi na kukiegemeza ukutani. Rangi nyingine aliyoitupa ilikuwa nzima kabisa, na rangi hiyo huagizwa Unguja, wakati mwengine Dar. Mtu huyo huyo alikuwa akikata kipande cha sabuni nusu kwa nusu ili kidumu.

Nilimwuliza siku moja kwa nini asiifunike kwa nailoni, aitumie kesho yake.

"Kesho nitaamka na jicho jengine," akanambia. "Sitaki kukuta jana imenikalia kwenye ubao."

Sikulielewa jibu lile na wala sikulitilia maanani. Nilimpa nyembe zake akaondoka.

Skuli alisomesha kuchora, na binti yangu alikuwa mwanafunzi wake. Kila wanafunzi waliporudi likizo walikuta vibao vyao vya plaiwudi vimeganda rangi, kwa kuwa siku ya kufunga kila mtu alikuwa mbio kwenda kwao. Mwalimu hakumpiga mtu wala hakufoka. Aliwagawia vipande vya nyembe vilivyofungwa kitambaa upande mmoja, akawaambia wakae chini wakwangue. Siku ile hapana kuchora. Binti yangu alirudi nyumbani amenuna, viganja vyekundu. "Baba, Mwalimu leo katutia wote kwenye kukwangua. Ati tufuate nyuzi za ubao, tusikate njia. Ukikata njia anakuondoa." Nikamwuliza amejifunza nini. Akasema amejifunza kuosha kibao siku ya kufunga skuli, na kweli, tangu siku hiyo alikiosha.

Ungedhani mtu kama yule atakuwa mkali wa kila kitu. Si hivyo. Wanafunzi walipochora ng'ombe mwenye miguu mitatu aliwaambia mguu wa nne uko nyuma ya mgomba. Hakuchora nyuso za watu, kwa sababu ya dini, alivyosema, lakini aliwahi kuchora mikono ya mkewe ikichambua karafuu, na picha ile aliitundika ndani karibu na kitanda. Mtu alipomwuliza, "Na huyu je, Mwalimu?" alijibu kwamba mikono haina pua wala macho. Mashehe wawili watatu walimsikia, wakacheka, mambo yakaisha.

Alichokipenda kuchora, cha ajabu, ni kuta. Kuta za nyumba kongwe za mji, zile zilizopasuka chokaa na kuota kuvu jeusi na kijani baada ya mvua. Alikuwa akikaa juu ya ndoo ng'ambo ya njia, mkono umenyooka, na kuchora kuvu tangu asubuhi. Ukoo mmoja wa Kiarabu, watu wa heshima zao, waliokuwa na mashamba zamani na sasa wana daktari na mfanyabiashara, walimwita awachoree nyumba ya babu yao waitundike sebuleni. Alipowapelekea picha, kuvu lote limo, mpaka mfereji uliovunjika. Bibi wa nyumba akaitazama kwa muda.

"Mwalimu, umetuvua nguo."

"Nimechora nilichokiona, Bi Mkubwa."

"Basi ungeiona iliyopakwa chokaa."

"Pakeni nyinyi chokaa kwanza," akasema, "mie nitakuja nyuma yenu."

Hawakupaka na hawakuichukua picha. Ilikaa kwake, na wageni wa hoteli walipokuja kutafuta picha aliwaonesha hiyo mwanzo, na wengi waliishia hapo hapo. Nilimwambia yeye ni mjinga wa biashara. Akakubali.

Sasa nieleze la mafuta ya makonyo, maana hili wengine hulisimulia vibaya. Makonyo ni vile vijiti vya karafuu vinavyobaki baada ya kuchambua, na hapa kwetu hukamuliwa mafuta. Mtu mmoja alimwambia Mwalimu kwamba tone moja la mafuta yale kwenye rangi linaizuia isikauke upesi kibaoni. Kwake hiyo ilikuwa habari njema kuliko zote, kwa kuwa adui yake mkubwa ni rangi iliyokauka. Lakini sisi Wapemba, kitu cha karafuu hatukipimi kwa tone. Akamimina. Akachora picha kubwa ya kilima cha skuli, akaipeleka kwa mwalimu mkuu, ikatundikwa ofisini. Wiki ikapita, mwezi ukapita, picha mbichi. Ofisi nzima inanukia kama jiko la Idi, wazee wakija kulalamika wanatoka wamesahau walichokuja kulalamikia. Ikaja siku ya wakaguzi, mwalimu mkuu yumo ndani ya kanzu nyeupe mpya, akaegemea ukuta kuwapisha watu, na alipogeuka alikuwa amekibeba kilima mgongoni, na mikarafuu yake.

Mwalimu hakucheka wala hakuomba radhi kwa maneno mengi. Alikuja dukani kununua tina ya kuitoa rangi kwenye kanzu ya mkubwa wake. Nilipomwuliza kafanya nini, akasema, "Nimejifanya mjuzi." Tangu hapo akarudi kwenye kukosha kibao kila siku.

Mkewe ndiye aliyekuwa akimtazama kucha. Miaka yote ya ndoa yao, kabla ya kila sala, Mwalimu alikwenda uani akampa mikono, na yeye akaishika dirishani penye mwanga na kuigeuza. Alikuwa mwanamke mpole kwa watu na mkali kwa kucha. Nilikuwapo siku moja nikisikia, "Hiki hapa. Kakoshe. Hapana, bado. Kakoshe tena." Mwalimu akakosha, akarudi, akakosha. Hata siku za harusi, mwenyewe ana hina mpaka kwenye viwiko, hakumsamehe mumewe nukta moja ya rangi. Akishasema "Haya," Mwalimu alikwenda kusali akiwa ametulia.

Mkewe alipofariki, Mwalimu alikaa eda ambayo wanaume hawakuandikiwa. Hakuchora. Alipoanza tena macho yake yalikuwa yamekwisha haribika. Alipasuliwa mtoto wa jicho, na mbali akaona vizuri tu, aliweza kukwambia nani anapanda kilima na kanzu ya rangi gani. Karibu ndiko kulikobaki ukungu. Kuchora hakukumshinda, kwa sababu daima alichora mkono umenyooka na brashi ndefu. Kucha zake mwenyewe ndizo asizoziona. Ndipo alipoanza kuja dukani kwangu kutazamwa.

Wengine walimwambia, wewe mtu mzima, osha mikono yako nenda kasali, Mungu anajua. Alijibu kwamba Mungu anajua, ndiyo maana anaogopa. Mimi sikumwambia kitu. Si mtu wa maneno ya faraja, na kazi yenyewe ilikuwa nyepesi, kutazama tu. Lakini nakiri ilinikera siku nyingine. Unampimia mtu nyaya, mikono inakujia mbele ya uso.

Halafu siku moja nilikwenda Chake Chake kufuata mzigo. Nilifunga duka tangu asubuhi, na gari ikanichelewesha. Mwalimu akaja adhuhuri, akakuta kufuli. Akajiosha kwa tina, kwa sabuni, kwa tina tena, mpaka vidole vikapasuka, akasali. Alasiri nilikuwa nimerudi. Akatandaza mikono, nikavaa miwani, na pembeni ya kidole cha shahada cha mkono wa kulia kulikuwa na kijani kidogo.

"Kuna nini?" akauliza.

"Kijani kidogo, Mwalimu."

"Kilikuwapo adhuhuri?"

"Nitajuaje? Sikuwapo."

Akatikisa kichwa taratibu. Akakwangua, akaenda msikitini, akairudia adhuhuri yake kisha akasali alasiri. Siku ya pili hakuja. Wala ya tatu. Nikasikia ameacha kuchora.

Mji haukutetemeka. Mchoraji mmoja ameacha kuchora kuta, nani atalia? Mie mwenyewe nilikuwa nikijiambia nimepumzika. Lakini adhuhuri ikikaribia nilijikuta nimekwisha itoa miwani mfukoni. Niliona vibaya, na nalisema hapa kwa kuwa sikulisema kwa mtu.

Muda ukapita, masika ikaja ikaondoka, ndipo akanitumia salamu: niende kwake na nyembe mpya na chupa ya tina. Nikasukuma mlango kwa bega. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, kibao mapajani. Sikuamini. Kibao kile kilikuwa na rangi iliyokauka, vilima vilima, kama alivyokiacha siku ile ya kijani. Hakuwa amekiosha.

"Nilikasirika," akasema kabla sijauliza. "Nikakiacha hivyo hivyo. Sasa hasira zimekwisha na mie siwezi kukiosha, sioni. Nataka nikipeleke skuli. Sitaki wakipokee kichafu."

"Na wewe?"

"Mie nshaacha."

Alilisema lile neno kwa sauti ya kawaida, na mimi nikakunja mikono ya shati. Akanielekeza. Tambara lilowe tina, lilazwe juu ya rangi, lifunikwe nailoni, tungoje. Tukangoja tukizungumza bei ya pweza na mvua. Nikalifunua. Rangi ilikuwa imelainika juu, chini bado ngumu. Nikaanza kukwangua.

"Laza wembe. Unachimba, nasikia. Fuata nyuzi."

"Nafuata."

"Hufuati. Geuza kibao, si mkono."

Nikageuza kibao. Kijani kikatoka kwa maganda, halafu njano, halafu kijivu chake cha kuta. Tukarudia tambara, tukarudia wembe. Jasho lilinitoka. Nikapangusa, nikakiinua kwenye mwanga, nikaridhika.

"Kimetakata, Mwalimu. Limebaki doa jekundu hapa katikati, limeingia ndani ya mti. Hilo halitoki."

"Nipe."

Akakipokea, akapitisha kidole gumba juu yake polepole, toka ukingo hadi ukingo. Akasimama mahali ambapo mimi niliona ubao mtupu. "Hapa bado."

"Hapana kitu hapo."

"Kipo. Ni mafuta ya rangi, yamekauka, hayana rangi lakini yana mwili. Pitisha wembe." Nikapitisha, na kweli, utando mwembamba ukajikunja mbele ya wembe. Kisha gumba lake likafika kwenye lile doa jekundu na kulipita bila kusita. "Hili liache," akasema. "Doa tu. Halina mwili. Kama hina."

Gumba lilikuwa bado juu ya kibao. Nilidhani amechoka, nikaanza kukusanya maganda ya rangi kwenye gazeti.

"Jirani," akasema, "mke wangu alisali na hina?"

"Wanawake wote wanasali na hina, Mwalimu. Wewe ndiye uliyesoma chuoni, si mimi."

"Kwa nini?"

"Kwa kuwa ni rangi tupu. Haizuii maji."

"Na yeye dirishani alikuwa akitazama nini kwenye mikono yangu?"

"Rangi."

"Na weye pale dukani?"

Nilikwisha fahamu anakokwenda. Aliweka kibao chini, akaanza kupitisha gumba la kulia kwenye kucha za mkono wa kushoto, moja baada ya nyengine, na pembeni mwake, halafu mkono wa pili. Ilikuwa mikono isiyogusa rangi kwa miezi, kwa hivyo hapakuwa na cha kupata. Akaninyooshea kiganja. "Lete yako."

Nikampa. Mikono yangu ilikuwa imechafuka hasa, kijani na kijivu kila mahali. Akapita vidole, akiacha kimoja akienda kingine, akitikisa kichwa, mpaka akafika cha pete. Akakibonyeza ukucha kwa pembeni. "Hapa tu," akasema. "Kwengine ni doa." Nikavaa miwani nikatazama. Palikuwa na kipande kama chembe ya mchanga, nacho kimeshika. Nilikikwangua kikatoka.

Adhana ya alasiri ikaanza. Hakuinuka mara moja kama kawaida yake. "Miaka yote," akasema. "Kibao nakipima kwa gumba, na mikono yangu nampa mtu aitazame." Alikuwa na hasira, na hasira ile ilimfanya aonekane mtu wa miaka ya nyuma. Jioni ile alikwenda kumwuliza imamu. Imamu, kijana anayeheshimu watu, akamwambia kwamba ni hivyo hivyo, chenye mwili kiondoshwe, rangi tupu haidhuru, na hayo mengine ni wasiwasi, amwombe Mungu amwondoshee. Mwalimu alinisimulia mwenyewe, akaongeza kwamba imamu alimtolea kashata.

Kibao hakikwenda skuli. Asubuhi iliyofuata alikuja dukani kununua mafuta ya taa, hakutandaza mikono, na alipofungiwa alisema tu, "Umekata njia pale pembeni. Nimeona kwa kidole." Nikamwambia atafute fundi mwengine. Baada ya hapo nilimwona mara nyingi juu ya ndoo yake ng'ambo ya njia, na adhuhuri ikikaribia ananyamaza, gumba linapita kucha kwa kucha, kisha anainuka.

Alifariki mwaka huu, baada ya Idi kubwa, kwa homa ya siku chache. Mkosha maiti alinitaka nimsaidie pamoja na mkwewe, mume wa bintiye. Anayekosha hatangazi alichokiona kwa maiti, isipokuwa la kheri, na la kheri nalisema. Tulipofika kwenye mikono mkosha alisita. Kucha zote za mkono wa kulia zilikuwa na buluu na kijivu, mpaka kwenye mikunjo ya vidole.

Mkwewe akatazama pembeni. "Alichora mpaka juzi," akasema. "Tulimkataza. Homa anayo, anachora amekaa kitandani."

"Na sala alikuwa akisali hivi?" mkosha aliuliza kwa sauti ya chini. Si kwa ubaya. Akanyoosha mkono kuchukua kijiti. "Hii itabidi iondoshwe, maji hayatafika."

Nikamwambia angoje. Nikaushika mkono wa Mwalimu, nikapitisha gumba langu kwenye kucha, moja moja, na pembeni, kama nilivyomwona akifanya. Sikuvaa miwani. Niliutafuta mwili wa rangi kwenye kila kidole, nikarudia upya tangu mwanzo, nikaukosa. Nikamwambia mkosha amimine tu, maji yanafika.